Chenga za Mkate na Kilo Arobaini na Sita

Machi 2, Jumamosi

Muuguzi wa kliniki amenipa daftari hili na kuniamuru niandike kila anachokula mke wangu, asubuhi, mchana na jioni. "Usiruke siku, baba," akasema, kana kwamba mimi ni mtoro wa shule. Mimi ni fundi mizani mstaafu, kazi ya kuandika siijui. Ila kurasa ni nyingi na maneno ninayo, basi na mengine nitayaweka humu humu.

Hali ndiyo hii. Nyonga ya kushoto ya mke wangu imekwisha. Anatembea kwa fimbo, na kila hatua anauma midomo. Daktari bingwa wa mifupa atakuja hospitali yetu wiki moja tu, kuanzia Mei 13, na amesema wazi kwamba mtu mwembamba hivi hamgusi, kidonda hakitafunga. Afike kwanza kilo arobaini na sita, zipimwe Mei 11. Leo ana arobaini na moja na nusu.

Homa ya mwaka jana iliondoka na ladha pamoja na harufu zote. Tangu hapo kula kwake ni adhabu. Na huyu ndiye mwanamke aliyepikia wanafunzi mia tatu wa chuo cha ualimu kwa miaka ishirini na sita! Nilikuwa namwita Bosi. Bado namwita.

Leo: uji nusu kikombe. Mkate kipande kimoja, ameuma mara mbili.

Machi 3

Mvua ya kwanza. Viazi vya kuponda, vijiko vitatu.

Machi 5

Shemeji yangu, mdogo wake Bosi, amekuja na supu kwenye chupa ya chai. Hakubisha hodi. Alipita moja kwa moja hadi jikoni, akafunua sufuria yangu, akaifunika tena. Kufunika kule kulikuwa tusi. Bosi alikunywa supu vijiko viwili, akasema asante. Shemeji akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi.

Machi 7

Leo limetokea jambo.

Nilichemsha koliflawa mpaka ikalegea, na wakati huohuo nikaunguza mkate kwenye kikaango. Kwa aibu ya kutupa, nikauponda ule mkate kwa mwiko na kuumwaga juu ya koliflawa ili nifiche uji niliokuwa nimeupika. Bosi akaweka kijiko mdomoni. Akatafuna. Akaacha kutafuna. Akatafuna tena.

"Hii nimeisikia," akasema.

"Umesikia ladha?"

"Ladha wapi? Nimesikia mlio. Kichwani humu, kacha kacha. Nimejua nakula kitu."

Akala nusu sahani. Nusu sahani! Nilitoka nje kwenye kibaraza nikasimama mvuani kidogo, maana sikutaka anione uso.

Machi 8

Bosi amehamishia kiti chake mlangoni mwa jikoni. Amesema kama ni chenga za mkate, basi atanifundisha kuzitengeneza, hatakula tena makaa. Somo la kwanza: mkate uwe wa juzi. Mimi nilichukua mkate laini wa leo, nikaukwaruza kwenye grata ya karoti, ukafanya madonge. "Umeona?" akasema. "Huo bado una maji tumboni. Fundi mzima hujui kitu kikavu?"

Machi 9, Jumamosi

Kilo 41.3. Amepungua. Bosi amesema ni zile siku za uji, nisihesabu wiki hii.

Machi 12

Nimepewa vidonge vyangu leo na nimevimeza.

Mkate wa juzi unakatwa vipande, unalazwa kwenye sinia, unaingia ovenini kwa moto mdogo mpaka ukauke kau pasipo kubadilika rangi. Hapo ndipo unakwaruzwa. Chenga zisiwe unga. Ziwe mchanganyiko, ndogo kwa kubwa, kwa kuwa zile kubwa ndizo zinazolia na zile ndogo ndizo zinazoshika.

Kisha mabakuli matatu: unga, yai lililopigwa, chenga. Maharage mabichi yanafutwa kwa kitambaa, yanapita kwenye unga, yanapita kwenye yai, yanaangukia kwenye chenga. Mkono wa kushoto unagusa vikavu tu, wa kulia unagusa yai tu. Mimi nilichanganya mikono, na ndani ya dakika tano nilikuwa na vidole vinene mithili ya vya jini. Bosi alicheka mpaka akashika nyonga. Sijamsikia akicheka hivyo tangu homa.

"Yapumzike robo saa kabla ya kukaanga," akasema. "Ganda lishike. Na ukitoa usiweke kwenye sahani, weka kwenye wavu. Ukiweka kwenye sahani yanatoa mvuke chini, yanalowa."

Amekula maharage kumi na moja. Kumi na moja na nusu, kwa haki.

Machi 16, Jumamosi

Kilo 42 kamili! Mizani ni yangu mwenyewe, ile ya mshale niliyoitoa dukani nilipofunga. Nimeifanyia marekebisho mara tatu maishani na kila mara nimeipima kwa mawe ya serikali. Bosi anavaa miwani, anapanda, anausoma mshale mwenyewe. Hapendi kusomewa.

Machi 17

Biringanya. Amemaliza.

Machi 20

Muuza mkate wa pale kona ameshanizoea. Ananiwekea mikate iliyobaki, ananiita Mzee Makavu. Nimemwambia jina hilo lisifike nyumbani. Limefika.

Machi 23, Jumamosi

Kilo 42.6. Shemeji alikuwepo, naye akapiga vigelegele. Kisha akaharibu kwa kuuliza kama mafuta ninayotumia ni mapya.

Machi 27

Siku ya nne mvua haijakatika. Kuta za jikoni zinatoa jasho. Chenga nilizokausha jana na kuzifungia kwenye chupa, leo zimelegea kama pamba. Nilizirudisha ovenini, zikakauka, na kabla boga halijaiva zilikuwa zimenywa hewa tena. Bosi aliweka kipande mdomoni, akakizungusha, akakitema kwenye kitambaa kwa adabu.

"Hakilii," akasema.

Machi 30, Jumamosi

Kilo 42.2.

Aprili 2

Shemeji amenivuta kibarazani. "Shemeji, mimi sikulaumu," alianza, na nikajua lawama inakuja. Anataka kumchukua dada yake akakae kwake mpaka Mei. Kwake kuna wasichana wawili wakubwa, kuna jiko zuri, kuna watu wa kumchangamsha. "Wewe umejitahidi, lakini mapishi si kazi yako."

Nilimwambia mke wangu si furushi. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. Aliondoka bila chupa yake ya chai.

Kinachoniuma ni kwamba huenda anasema kweli.

Aprili 5

Bosi hakula mchana. Jioni nilimwandalia bamia. Chenga nilizikaanga pembeni kwa mafuta kidogo na kitunguu saumu, nikazimwaga juu palepale mezani ili zisipate nafasi ya kulowa. Zililia vizuri, nilizisikia mimi niliyekaa upande wa pili wa meza. Alikula vijiko vinne, akasukuma sahani.

"Mzee, tuache," akasema. "Najilazimisha kila siku, kila tonge nalisukuma kama natumbukiza barua. Na mshale unarudi nyuma. Mwambie huyo daktari aende zake. Nitatembea hivihivi."

Akalala mapema. Mimi nimekaa na daftari na sijui niandike nini kwenye nafasi ya chakula.

Aprili 6, Jumamosi

Nitaandika, maana daftari hili halisomwi na mtu ila muuguzi, na kurasa hizi nitazing'oa.

Asubuhi Bosi akiwa anaoga, nilifungua tumbo la mizani. Kuzungusha kile kitufe cha sifuri ni ujinga wa wanagenzi, mshale unasimama pabaya kabla mtu hajapanda na kila mwenye macho anaona. Mimi nilisogeza pini ya wenzo, kiasi cha ukucha. Mizani tupu inasoma sifuri. Mizani ikibeba mtu inaongeza kilo na kidogo.

Miaka thelathini na nane ya kazi. Wenye maduka walinijia wakiniomba hilihili, tena kwa maneno matamu, nami niliwafukuza. Leo sikuombwa na mtu.

Alipanda. Akasogeza miwani. Kilo 43.3.

"Hebu!" akasema. Akashuka, akapanda tena. "Hebu wewe!"

Asubuhi hiyo alikula mayai mawili bila kuambiwa. Nilijisemea kwamba ni dawa, na dawa nyingine ni chungu kwa anayeitoa. Nilijisemea pia kwamba akishapanda kweli nitairudisha pini taratibu, asijue.

Aprili 8

Koliflawa ya chenga. Amemaliza.

Aprili 9

Maharage mabichi. Amemaliza. Anaimba.

Aprili 11

Biringanya. Amemaliza. Shemeji amerudi, tumesalimiana kama watu wazima. Siku hizi anakuja kila siku na kuondoka na ndoo ya maganda kwa ajili ya kuku wake.

Aprili 13, Jumamosi

Nilisogeza tena, ukucha mwingine. Kilo 44.2. Niliogopa kuacha, maana asingeona mshale ukipanda angeuliza.

Bosi amemwambia muuza mkate kwamba Mei atakuja dukani kwake kwa miguu yake miwili.

Aprili 15

Amemaliza.

Aprili 17

Nilikwenda mjini kutafuta chupa zenye mfuniko wa mpira. Niliporudi nilimkuta Bosi na mdogo wake wamekaa kimya sebuleni. Bosi aliniuliza kama nimelowa. Nikasema kidogo. Amekula kidogo, anasema amechoka.

Aprili 20, Jumamosi

Leo ilikuwa zamu ya kliniki. Nilikuwa nimeisahau, au nilijitia kusahau. Muuguzi alilisoma daftari lililokuwa wazi mbele yake (zile kurasa nilizifunga kwa gundi ya mkate, ndiyo, unga na maji), akafurahia kuona amemaliza, amemaliza, amemaliza. Kisha akampandisha Bosi kwenye mizani yao.

Kilo 42.1.

Muuguzi akampandisha tena. Arobaini na mbili nukta moja. Shemeji alikuwa ameshika mkoba wa dada yake na hakuinua macho. Mimi nilikuwa natazama bango la chanjo ukutani. Naweza kuliandika hapa lote kwa kichwa.

"Nyumbani ilisoma ngapi?" muuguzi akauliza.

"Arobaini na nne na ushee," Bosi akajibu. Kisha akasema polepole, kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye benchi la nje: "Basi mizani yenu ni mbovu, mwanangu. Mume wangu ni fundi mizani. Ya kwetu haiwezi kukosea. Muulize mwenyewe, huyo hapo."

Akanigeukia. Wote wakanigeukia.

Ningeweza kusema. Mdomo ulikuwa wazi kabisa. Nikasema, "Mizani huwa zinachoka." Hayo ndiyo yaliyotoka.

Muuguzi akaandika kikaratasi, akakibandika kwenye mizani ya kliniki: HAITUMIKI. Akasema ataomba ikaguliwe. Njiani Bosi alitazama dirishani safari nzima.

Hakula mchana. Hakula jioni.

Aprili 21, Jumapili

Nimemwambia. Baada ya chai ambayo hakuna aliyeinywa, nilileta mizani mezani, nikaipindua, nikamwonyesha pini. Nilisema siku zote mbili na kiasi nilichosogeza. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele.

"Najua," akasema.

Alijua tangu Jumatano. Ni mpishi, amepima vyakula kwa magunia. Alisema alianza kujiuliza alipoona anakula kidogo na mshale unapanda. Nilipokwenda mjini walilipandisha lile gunia la mchele ambalo hatujalifungua, la kilo ishirini na tano. Shemeji ndiye aliyelibeba. Lilisoma ishirini na sita na robo.

"Unakula kidogo?" nikamuuliza. "Si unamaliza kila siku?"

Hapo uso ukamshuka na yeye pia. Alipoona kilo arobaini na tatu ile Jumamosi ya kwanza, alisema moyoni mwili umeshika njia, akaacha kujisukuma. Akawa anakula ganda tu, lile linalolia. Mboga ya ndani kwake ni kutafuna sifongo, inamtia kichefuchefu. Alikuwa anaichomoa na kuiweka kwenye kopo chini ya meza, na shemeji anaondoka nayo kwenye ndoo ya kuku. Mimi nilitazama sahani tupu, nikaandika.

"Kwa hiyo jana kliniki ulikuwa unajua," nikasema.

"Nilikuwa najua."

"Na bado ukanisifia."

"Nilikuwa nakupa nafasi, mzee. Mbele ya yule binti, useme mwenyewe. Nilijua ukisema pale itakwisha. Ukaja na mizani kuchoka." Alikuwa analia sasa, na Bosi hulia kwa hasira. "Kunidanganya mimi naweza kukuelewa, ulitaka nile. Lakini kliniki ile watoto wanapimwa. Umeacha kikaratasi kile kikabandikwa, ukapanda gari ukaja nyumbani."

Nilirudisha pini mahali pake mbele ya macho yake na tukalipandisha gunia. Ishirini na tano kamili.

Aprili 22

Nilifika kliniki kabla hawajafungua. Kulipokucha vizuri kina mama walikuwa wameshajaa kwenye benchi na watoto mgongoni, mvua inawapiga miguuni. Muuguzi alitoka kuwatangazia kwamba wanaohitaji kupimwa watoto warudi wiki ijayo, mizani ina hitilafu.

Nikasema haina hitilafu. Akasema, "Baba, wewe mwenyewe juzi..." Nikasema mbele ya wote kwamba mizani mbovu ni yangu, niliiharibu kwa mkono wangu ili mke wangu adhani amenenepa. Kina mama waligeuka wote benchini. Mmoja akasema, "Makubwa!" Mwingine akacheka, kisha akaona uso wangu akaacha.

Muuguzi alibandua kile kikaratasi bila kunitazama. Alinipa tu maneno haya: "Ningekuwa nimewarudisha watu arobaini." Nilibaki nje mpaka wa mwisho alipopimwa. Hakuna aliyenitaka nibaki.

Nilipofika nyumbani nilizibandua zile kurasa nilizozifunga. Muuguzi akitaka azisome.

Aprili 23

Shemeji alikuja. Nilimwomba radhi kwa ile siku ya kibarazani. Naye akaniomba radhi kwa ndoo. "Dada akiniambia fanya, nafanya," akasema. "Tangu nikiwa na miaka mitatu." Kumbe tunafanana. Nilikuwa nimemwona mchokozi wakati wote huu, na yeye ndiye aliyebeba gunia na siri, akaogopa kutuvunja.

Tukakaa watatu jikoni. Nikauliza: kama anachokula ni ganda tu, kwa nini chakula kisikae kwenye ganda?

Bosi akasogeza kiti chake karibu na meza. "Endelea," akasema.

Aprili 24

Tumefanya hivi. Chenga nusu, karanga zilizosagwa nusu nusu zikabaki na meno, maziwa ya unga, mafuta, yai. Mboga inakatwa nyembamba mpaka uone kisu upande wa pili, inatiwa chumvi, inakamuliwa maji, inafutwa, inapakwa ganda pande zote mbili, inaokwa kwenye wavu. Mboga yenyewe imebaki kama karatasi katikati. Hakuna sifongo. Shemeji anakausha, mimi nachovya, Bosi anatukana.

Amekula vipande tisa. Kopo liko kabatini, nimeliona.

Aprili 25

Vipande kumi na viwili. Mlio unasikika mpaka sebuleni.

Aprili 27, Jumamosi

Kilo 42.9. Alisoma yeye, akasoma shemeji, nikasoma mimi.

Aprili 30

Mvua kubwa. Chenga tunazikausha mara tatu kwa siku na hatuziachi hata dakika kwenye hewa. Ametapika mara moja. Akaosha mdomo, akaomba sahani irudishwe.

Mei 4, Jumamosi

Kilo 43.7.

Mei 8

Vipande kumi na sita na yai. Ananiita mzee tena. Wiki mbili alikuwa haniiti kitu.

Mei 11, Jumamosi

Kliniki ilikuwa imejaa. Daktari bingwa alikuwepo, amefika mapema, kijana mwenye haraka. Muuguzi alimpandisha Bosi kwenye mizani, kisha akasogea pembeni na kuniambia, "Soma wewe, baba. Kwa sauti."

Kina mama walewale walikuwa kwenye benchi, au wenzao. Mshale ulitikisika ukatulia. Nilitamani uendelee. Nilijua ndani ya mizani ile kuna pini ipi na iko wapi.

"Arobaini na nne na nusu," nikasema.

Daktari alitazama karatasi zake, akatazama mkono wa Bosi, akatikisa kichwa. Si msimu huu. Atarudi Novemba, akifika kilo hizo atakuwa wa kwanza kwenye orodha. Alisema maendeleo ni mazuri sana, kilo mbili na ushee kwa wiki tatu, hajawahi kuona mtu wa hali hii akipanda hivyo, na akauliza tunampa nini. Shemeji akaanza kumweleza habari za karanga na wavu.

Bosi alishuka kwa kunishika bega. Tukakaa kwenye benchi la nje kusubiri mvua ipungue.

"Nukta nane kwa wiki," akasema.

"Ndiyo."

"Na tumepungukiwa kilo moja na nusu."

Nilikuwa nimeshapiga hesabu hiyo wakati mshale bado unatikisika. Sikutaka aipige na yeye. Nilisahau nimeoa mpishi wa watu mia tatu.

"Wiki mbili," akasema. "Zilezile mbili, mzee."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningejua la kufanya. Nilimwambia ni kweli, ni zilezile za pini, mimi ndiye niliyezichukua. Akanyoosha mguu wake mbovu polepole kwa mikono miwili, akauma midomo, akautuliza.

"Miezi sita," akasema. Kisha akaniambia niende kwa muuza mkate kabla hajafunga, na nihakikishe ni wa juzi.